Hamu ya sukari ya saa kumi jioni: inatoka wapi na uifanye nini

Kama wafanya kazi mjini Mombasa basi hii saa waijua. Saa kumi, jua bado kali, shati limeganda mgongoni, kazi haijaisha, alafu ghafla mdomo unataka kitamu, na si kitamu chochote, unataka kashata au keki au soda baridi, na kadri unavyojikataza ndivyo unavyozidi kuiona mbele ya macho. Wengi tumeambiwa huo ni ulafi, ati mtu hana msimamo. Mimi nasema hapana, na nitalirudia kila ninapopata nafasi: hamu ya saa kumi imeandaliwa tangu asubuhi. Imeandaliwa kwenye kikombe cha chai, kwenye sahani ya mamri, kwenye usingizi ulioukosa na maji ambayo hukunywa. Ukingoja mpaka ije ndo upambane nayo utakuwa umechelewa, ishughulikie kule inakoanzia.

Na nikutoe wasiwasi mapema, sikwambii uache halwa. Mtu wa pwani kumwambia aache halwa na kaimati maisha yake yote ni kumwambia asende harusini wala asile Idi na wenzake, hatoweza na wala hana haja. Ninachotaka utofautishe sukari unayoila ukaifurahia na ile inayopita kila siku bila hata wewe kuiskia ladha yake. Hii ya pili ndo nyingi, na ndo inayoilea hamu.

Mwilini kunatokea nini

Ukila unga mweupe au sukari tupu, chakula kinasagika haraka kinakuwa glukosi, glukosi inapanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini ya kuiingiza kwenye misuli na ini na mafuta. Ikipanda kwa kasi mara nyingi hushuka kwa kasi, na kwa watu wengine baada ya masaa mawili matatu hushuka mpaka chini kidogo ya pale ilipoanzia. Hapo ndo unaskia uchovu, kichwa kizito, hasira za karibu, na ubongo unadai kile kinachorudisha nguvu upesi kuliko vyote. Hauwezi kudai mchicha saa hio.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni mazoea. Ubongo una kemikali yake inaitwa dopamini, kazi yake moja ni kukufundisha jambo lipi lilikupa raha ili ulirudie, na ukishazoea inatoka hata kabla hujala, kwa kunusa tu, kwa kuona, kwa saa kufika. Kama kila siku ukitoka kazini unasimama kwa muuza kaimati pale stendi, siku utakayopita bila kusimama mwili utakudai hata kama umeshiba. Ndo manake mtu anakula biriani mpaka hawezi kuinuka, na halwa ikiletwa nafasi inapatikana.

Sasa hizi mbili zafanana lakini dawa yake si moja. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kujiuliza: nikipewa wali na samaki sasa hivi nitakula? Ukijibu ndio, hio ni njaa, nenda kale chakula, usihangaike na biskuti. Ukijibu hapana, nataka keki tu, basi hio ni hamu na yenyewe ina muda wake, mara nyingi robo saa mpaka dakika 20 hivi ukiiacha bila kuichochea inalegea. Na kuna ya tatu ambayo sisi wa huku tunaisahau sana, kiu. Kwa joto la Januari na Februari, na unyevu huu wetu, mtu anatoka jasho tangu saa mbili asubuhi bila kunywa chochote ila chai, mpaka jioni mwili umechoka na yeye anadhani amekosa sukari. Kunywa maji kwanza, glasi nzima si mafunda mawili, alafu ngoja kidogo uone.

Anzia kwenye chai

Nikiulizwa niseme jambo moja tu nitasema chai, na sababu ni hesabu. Kijiko kidogo cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4 hivi, kile cha kilima ni zaidi. Mtu wa vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, hapo ni vijiko 9, gramu 36, na bado hajala kitu chochote kitamu. Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu zote mtu anazopata kwa chakula, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kawaida anayekula kalori 2,000 hio ya kwanza ni gramu 50, vijiko 12, na hio ya pili ni gramu 25, vijiko 6. Kwa hivyo huyu wetu wa vikombe vitatu amepita ile ya chini kwa chai peke yake.

Usikate ghafla. Ukikata ghafla chai itakuwa chungu mdomoni, utaichukia, na wiki ya pili utarudi kwa vijiko vinne. Punguza nusu kijiko, kaa hapo wiki moja au mbili mpaka uone kawaida, alafu punguza nusu nyengine. Mtu wa vijiko vitatu anaweza kufika kimoja kwa miezi miwili bila kuteseka. Na ulimi unabadilika kweli, si maneno ya kujipa moyo tu. Kule Marekani, kituo cha Monell cha Philadelphia kilichapisha utafiti mwaka wa 2016, watu walipunguziwa sukari kwa miezi mitatu, wakipewa kitamutamu cha kipimo kile kile walichopewa wenzao ambao hawakupunguza, wao walikiona kitamu zaidi. Ila mabadiliko hayo hayakuja wiki ya kwanza, yalichukua mwezi wa pili na wa tatu, kwa hivyo usijihukumu mapema.

Wakati unapunguza sukari ongeza viungo. Iliki iliyopondwa hapo hapo, si ile ya unga iliyokaa kabatini toka mwaka jana, ponda mbegu mbili tatu na maganda yake, kijiti cha mdalasini, tangawizi mbichi kipande, karafuu moja tu manake zikizidi zinatawala. Pua ikiskia iliki na mdalasini ulimi unaskia utamu ambao haumo. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili, chai ya maziwa iliyopikwa taratibu ikakolea haihitaji kumiminiwa sukari nyingi.

Shida kubwa ya chai zetu ni kwamba sukari inapikwa humo humo kwenye sufuria, inaingia kwenye chupa, ikifika mezani huna uamuzi. Nyumbani kwenu liongeleeni hili, chai ipikwe bila sukari na bakuli la sukari liwekwe kando kila mtu ajitilie. Hata mgonjwa wa sukari aliye nyumbani anakunywa chai moja na wenzake, hapikiwi ya peke yake. Kwenye mkahawa sema mapema kabla hajamimina, "mama nitilie ya rangi, sukari kando tafadhali", watakupa, hawana shida. Kwa watu ulioenda kuwatembelea ni pagumu zaidi kidogo, shangazi amekuandalia na kukataa ni kumvunja. Hapo kunywa kikombe kimoja, shukuru, ukiongezewa sema imetosha shangazi, nimeshiba wallahi. Kikombe kimoja cha ugenini hakikuharibii kitu, cha kila siku ndo cha kuangalia.

Mamri na mbaazi, lakini geuza hesabu

Mamri ni unga mweupe, sukari, tui la nazi, hamira na iliki, alafu yakakaangwa. Matamu, nayapenda, na sitaki mtu ayaseme vibaya. Lakini mamri manne na chai ya vijiko vitatu bila kitu chengine ni moto wa makuti, unawaka mpaka juu na baada ya muda mfupi hakuna hata kaa. Saa nne ushaanza kuangalia saa. Saa tano umenunua biskuti.

Bahati yetu ni kwamba wazee walishatuwekea dawa kwenye sahani hio hio. Mbaazi zina protini na zina nyuzinyuzi nyingi, vyote viwili huchelewesha tumbo kutoa chakula, glukosi inapanda pole pole na shibe inakaa. Tatizo tunazifanya mbaazi kuwa mchuzi wa kulainishia mamri, kijiko kimoja pembeni. Geuza. Sahani ijae mbaazi, mamri mawili, na uanze kwa vijiko kadhaa vya mbaazi zenyewe kabla hujachovya. Kama wanunua kwa mama wa pale kona mwambie akuzidishie mbaazi na umlipe zake, mbaazi si ghali kushinda matokeo ya kula unga mtupu. Jaribu hivi kwa wiki moja alafu angalia saa ngapi njaa inakuja, utaona tofauti mwenyewe.

Asiyekula mbaazi ana njia nyengine: mayai na boflo, kipande cha samaki wa jana, maharagwe, kunde, mtindi usio na sukari. Mihogo ya kuchemsha peke yake haitoshi, itafutie mwenzake. Na asiyekula asubuhi kabisa halafu akashangaa jioni anamaliza pakiti ya biskuti, huyo jibu lake analo.

Mchana kanuni ni hio hio. Kachumbari na mboga kwanza, mchicha, kisamvu, au mchunga kama wauweza uchungu wake, kisha samaki au maharagwe, kisha wali mwisho na usiwe mlima. Kufuata mpangilio huu wa kula, mboga na protini kabla ya wanga, kumeonekana kwenye utafiti kupunguza kupanda kwa sukari baada ya chakula, hata kama chakula chenyewe ni kile kile. Alafu badala ya kukaa chini ya feni na simu, tembea dakika kumi. Misuli ikifanya kazi inavuta glukosi yenyewe.

Saa kumi yenyewe ikifika

Haya, umekula vizuri, umekunywa maji, na bado imekuja. Itakuja tu, haswa wiki za mwanzo, kwa sababu mazoea hayasikii hoja.

Inuka ulipo. Kutembea haraka dakika 15 si ushauri wa bure, Chuo Kikuu cha Exeter kule Uingereza kilijaribu na watu wanaopenda chokleti, na hamu ilipungua. Kama uko katikati ya mji zunguka mpaka Treasury Square urudi, kama uko Nyali au Bamburi tafuta kivuli, kama kazi haikuruhusu basi panda na kushuka ngazi. Na usipite njia ile yenye muuza kashata. Nasema hili kwa uzito kabisa, kubadilisha njia ya kurudi nyumbani ni dawa kushinda kuapa, manake usichokiona na usichokinusa hakikuiti. Unayepanda feri ya Likoni wajua pale kwenye foleni vinavyopita mbele yako, mabuyu, njugu, vitamu vya kila rangi. Panda na njugu zako tayari mfukoni.

Wengine kutembea hawawezi kwa wakati huo, kuna njia ya kichwa. Hamu huishi kwa picha, unakiona kile kitu, unaskia baridi ya chupa mkononi, ladha inakuja. Ukikijaza kichwa kwa picha nyengine ile inakosa mahali pa kukaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth waliwachezesha watu Tetris dakika tatu tu, mchezo ule wa kupanga vipande, na hamu zao zikapungua nguvu. Basi hata keram, drafti, bao, au kumpigia mtu simu umuulize habari ya nyumbani, kitu kinachoshika akili. Kuangalia video za mapishi hakumo kwenye orodha hii.

Kisha kuna hili ambalo mimi naliamini kuliko yote, mdomo unaotaka sukari mara nyingi unataka ladha kali, na ladha kali tunazo nyingi zisizo na sukari. Embe bichi lililokatwa vipande na chumvi na pilipili ya unga, lile wanalouza pale Mama Ngina kwenye upepo. Lidondokezee ndimu, lile pole pole, mate yanajaa mdomoni mpaka masikio yanaskia, na ukimaliza ukipewa biskuti utaiona haina maana. Mahindi ya kuchoma yenye pilipili na ndimu vile vile. Korosho au njugu kiganja kimoja, zina mafuta na protini, zinashibisha kweli, ila kiganja si pakiti. Wenye shinikizo la damu wapunguze hio chumvi, ndimu na pilipili zinatosha.

Au kula tunda. Tunda zima lina sukari, lakini limekuja na maji yake na nyuzinyuzi zake na huwezi kula machungwa matano kwa dakika mbili. Papai, chungwa, pera, ndizi moja, embe bivu nusu. Tende mbili na njugu chache pamoja zinakaa vizuri tumboni kushinda tende saba peke yake, tende ni tamu sana na zinahesabika.

Na kama baada ya hayo yote bado wataka kitamu chako, kula. Ila kula kwa adabu. Waangalie wazee wa Mji wa Kale kwenye kahawa chungu, kikombe kidogo hakina sukari hata chembe, tangawizi imekolea, na pembeni kipande cha halwa au kashata au tende. Anauma kidogo, anapiga funda, anaongea, kipande kimoja kinakaa naye muda mrefu. Uchungu wa kahawa ndo unaufanya ule utamu mdogo utoshe. Fanya hivyo hivyo: nunua kipande kimoja si pakiti, kaa kitako, weka simu chini, kula baada ya chakula wakati tumbo lina kitu si kwenye njaa. Mwenye shida ya usingizi kahawa ya jioni aiache, atumie chai ya tangawizi ya rangi isiyokolea majani.

Vya kunywa ndo vinatumaliza

Nitakuwa mkali kidogo hapa. Sukari ya kunywa haikushibishi, inaingia haraka, na huku kwetu tunakunywa sana kwa sababu ya joto. Soda ya kawaida ya kola huwa na gramu kama 10 hivi kwa kila mililita 100, chupa ya nusu lita ni gramu 50, vijiko 12, ule mgao wote wa siku kwa chupa moja. Jifunze kusoma lebo nyuma ya chupa: tafuta gramu za sukari kwa mililita 100, zidisha kwa ujazo wa chupa kwa mililita, gawanya kwa 100 upate gramu, alafu gawanya kwa 4 upate vijiko. Ni hesabu ya sekunde kumi na itakubadilisha. Kwenye orodha ya vilivyotiwa ndani, vile vilivyotangulia kuandikwa ndo vingi, na sukari hujificha kwa majina, sukrosi, glukosi, dekstrosi, maltosi, shira ya mahindi, vyote ni ukoo mmoja.

Juisi ya muwa ni nzuri na ndimu na tangawizi yake, lakini glasi ya robo lita yaweza kufika gramu 30 za sukari, ifanye ya siku maalum. Juisi ya embe na pasheni iliyochujwa na kutiwa sukari, hesabu kuwa soda. Dafu lina sukari kidogo kuliko hivyo vyote, ni bora zaidi, ila si maji, moja latosha. Juisi ya ukwaju ndo naipendekeza, ukitengeneza mwenyewe: roweka ukwaju, kamua, chuja, tia maji mengi, chumvi chembe, tangawizi, na sukari kijiko kimoja kwa jagi zima badala ya kikombe. Ule uchachu wa baridi unakata kiu kuliko soda yoyote.

Sasa watu wataniuliza, je asali? Je sukari guru? Mwilini ni sukari zile zile, tofauti ni ladha tu na rangi, kijiko kikubwa cha asali kina gramu 17 hivi. Kama waipenda asali tumia, lakini ihesabu. Na zile za bandia zisizo na kalori, Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2023 lilishauri zisitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, na ushauri huo haukuwagusa wale ambao tayari wana kisukari. Maoni yangu ni kwamba zinauacha ulimi pale pale kwenye utamu mkali, wakati lengo letu ni kuushusha.

Usingizi, na siku zile

Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 2004 kilichapisha matokeo ya vijana 12 wa kiume, wazima, waliolazwa masaa manne kwa usiku, siku mbili tu. Homoni ya njaa ilipanda, ya shibe ilishuka, na wakatamani zaidi vitamu na vyakula vya wanga. Siku mbili. Sasa fikiria mtu wa shifti ya usiku bandarini, mlinzi, mfanyakazi wa hoteli, bodaboda anayelala saa nane. Huyu usimwambie ajikaze, mwambie kwanza atafute mahali penye giza na feni alale mchana, na abebe chakula cha kweli kazini, mayai na viazi, maharagwe na chapati, badala ya soda na keki za saa tisa usiku.

Wanawake wengi siku chache kabla ya hedhi hamu inazidi, ni kawaida, ongeza chakula kidogo siku hizo na usijilaumu. Na kama hamu yako inakuja kila ukigombana na mtu au kila ukiwa peke yako usiku, basi chakula kinabeba kazi ambayo si yake, na hapo kuongea na mtu unayemwamini kunasaidia kuliko orodha yoyote ya vyakula.

Ukipunguza sana kwa mara moja waweza kuumwa kichwa na kununa siku za mwanzo. Wengine wanakata chai na sukari pamoja alafu wanadhani ni sukari, kumbe ni kafeni waliyoikosa. Ndo manake nikasema chai kunywa, sukari ndo upunguze.

Hapa usichanganye hamu na hatari

Kama watumia insulini, au vidonge vya kisukari mfano wa glibenklamaidi, na ghafla umetetemeka, jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, akili haikai, hio si hamu. Inaweza kuwa sukari imeshuka, chini ya 4.0 (mmol/L) kwenye mashine. Usiende kutembea dakika 15, usinywe maji ukangoja. Kunywa vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi, si ile isiyo na sukari, pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado iko chini rudia, ikishapanda kula chakula. Watu wa nyumbani wajue kwamba aliyezimia hatiwi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali. Na usipunguze chakula kwa kasi ukiwa kwenye dawa hizi bila kumwambia daktari, dozi huenda ikabidi ibadilishwe.

Kwa asiyejua hali yake: kiu isiyokatika, kukojoa kila saa usiku, uzito kushuka bila sababu, macho kuona ukungu, kidonda kisichopona, hayo ni ya kupima na si ya kujadili mtandaoni. Zahanati ya karibu watakupima, kesi kubwa zinapelekwa Coast General. Nenda asubuhi hujala tangu usiku, masaa 8 angalau, maji ruhusa. Kipimo cha 7.0 (mmol/L) na zaidi ukiwa hujala, kikirudiwa kikatoka hivyo hivyo, ni kisukari. Mjamzito aulize kliniki kuhusu kupimwa sukari kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Ramadhani na harusi

Futari zetu zina vitamu vingi kwa mpigo mmoja, kaimati za shira, tambi za sukari, ndizi za nazi, mkate wa sinia, na juisi juu. Chagueni kitamu kimoja kwa siku, leo kaimati, kesho tambi, na jagi mezani liwe la maji au ukwaju. Fungua kwa tende na maji, swali Magharibi, ukirudi tumbo limeshapata habari na hutovamia. Daku isiwe ya mkate na jamu na chai ya sukari, hio saa tatu asubuhi ushaanza kuhesabu, iwe kunde, mbaazi, mayai, wali na samaki, mtindi, na maji ya kutosha.

Harusini kula. Kula halwa yao, umekuja kufurahi na wenyewe wamejitahidi. Shika sahani ndogo, anza na pilau na kachumbari, kitamu mwisho na ukae nacho. Kesho yake usijikomoe kwa kushinda njaa kutwa, njaa hio ndo itakayokurudisha kwenye keki zilizobaki saa kumi. Amka unywe maji, pata mbaazi zako na mamri mawili, na zile keki wagawie majirani kabla ya mchana.